Saa Tisa Kasorobo, Saa ya Wapi?

Tarehe 8 Februari 1999, siku ya Jumatatu, Rachida Feruzi alitia sahihi katika daftari la ajira la kampuni ndogo ya mizigo ya ndege mjini Kindu. Jina lake liko mstari wa saba, na mbele yake imeandikwa kazi yake: karani wa safari. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na tisa.

Kazi yenyewe ilikuwa hesabu. Ukutani palikuwa na ramani ya nchi, na kwenye msumari kando yake ulining'inia uzi mweusi wa kushonea. Rachida alishika ncha moja ya uzi juu ya Kindu, akaunyoosha hadi uwanja wa pili, kisha akaupima kwenye ukingo wa ramani penye digrii. Kila digrii ni kilomita mia moja na kumi na moja. Akishapata kilomita, aligawa kwa mwendo wa ndege, akaongeza robo saa kwa ajili ya kupanda na kushuka, akaandika ubaoni saa ya kutoka na saa ya kufika. Ndege nyingi zilikuwa Antonov za injini mbili za panga, zenye mwendo wa kilomita mia nne na ishirini kwa saa. Wafanyabiashara waliamini ubao ule. Akiandika kwamba ndege ya Goma itafika saa nne na dakika kumi, watu wa mikokoteni walikuja saa nne.

Aliyemfundisha ni Yusufu, karani mzee aliyekuwa anaiacha kazi ili arudi shambani Kibombo. Alimpa kanuni moja muhimu kuliko zote. Kongo ina saa mbili: Kindu iko saa moja mbele ya Kinshasa. Kwa hiyo kila saa inayoandikwa lazima ifuatwe na herufi, K kwa Kinshasa, M kwa mashariki. "Saa bila herufi ni kama barua bila jina," alimwambia.

Daftari la safari la miaka ile lipo bado, na kurasa zake zinaonyesha jinsi kanuni ilivyokufa. Mwezi wa Februari kila saa ina M yake. Mwezi wa Mei baadhi hazina. Kuanzia Agosti 1999 hakuna herufi tena. Vita vilikuwa vimeigawa nchi, na Kindu ilikuwa upande wa mashariki. Treni zilisimama. Barabara zilifungwa. Chumvi, sabuni na mafuta ya taa vilikuja kwa ndege kutoka Goma, Bukavu na Kisangani, na viwanja hivyo vyote hufuata saa moja na Kindu. Kwa zaidi ya miaka minne hakuna ndege ya kampuni ile iliyokwenda wala kutoka Kinshasa. Rachida hakuona sababu ya kuandika M kwenye mstari ambao haungeweza kuwa na K.

Mwaka 2003 nchi iliungana tena, na njia ya Kinshasa ikafunguliwa. Alhamisi tarehe 16 Oktoba kampuni ilitazamia ndege yake ya tatu kutoka huko. Ndani yake, pamoja na mizigo ya wafanyabiashara, palikuwa na kasha moja la dawa za usingizi kwa hospitali moja ya mjini. Dawa hizo zilikuwa zimekwisha. Wodini alilala Scholastique, mkulima wa Mikelenge, mama wa watoto wanne, mke wa Okito, fundi wa reli. Ngiri yake ilikuwa imejinyonga tangu Jumatano. Daktari wa upasuaji alikuwepo na vyombo vilikuwepo. Alichongoja ni kasha, na alimwambia Okito wazi kwamba wakifungua tumbo usiku ule atapona, wakikawia hadi kesho hajui.

Habari za Kinshasa zilipita kwa foni, yaani redio ya kuzungumzia iliyokuwa chumba cha nyuma. Upande wa pili alikuwa Dieumerci, wakala wa kampuni, mzaliwa wa Kalima, aliyependa kusema Kiswahili akipata mtu wa kwao.

"Kindu, Kindu, hapa Dieumerci. Ndege iko tayari, mama. Lakini lori ya mabati iko bado njiani. Tunaweza kuingoja mupaka saa ngapi?"

Rachida alikuwa amekwisha piga hesabu asubuhi. Kilomita elfu moja mia moja sabini. Kwa Antonov, muda wa saa tatu kamili, ile robo ikiwa imo. Kindu jua lingetua saa kumi na mbili na dakika sita, na uwanja haukuwa na taa za kudumu. Alitaka ndege iwe chini saa kumi na mbili kasorobo. Alitoa tatu.

"Mwisho saa tisa kasorobo," alijibu. "Ikipita hapo musiruke."

"Tisa kasorobo! Vizuri sana. Basi iko muda mingi, lori itafika na hata kula tutakula. Wewe utakula nini, Mama Rachida, sombe peke yake?"

"Kula haraka, baba."

Saa ya ukutani pale Kindu ilionyesha saa nane na nusu. Kwa saa ile, robo saa tu ilibaki kabla ya tisa kasorobo. Kinshasa ilikuwa saa saba na nusu, na Dieumerci alikuwa na saa nzima na robo. Rachida alitaja saa na hakutaja ya wapi.

Anachokumbuka zaidi ni maneno "iko muda mingi". Anasema aliyasikia vizuri, na yalimgonga. Robo saa si muda mwingi kwa mtu anayengoja lori. Angeweza kumwita tena. Lakini kwenye benchi la foni walikuwa wamekaa watu tisa wakingoja zamu ya kuzungumza na ndugu ambao hawakuwasikia kwa miaka mitano, na mama mmoja alikuwa ameanza kulia kabla hata ya kuitwa. Hiyo ni sababu moja. Ya pili anaitaja bila kulazimishwa: hakupenda hesabu yake iulizwe mara mbili, hata na yeye mwenyewe.

Akaandika ubaoni: Kinshasa, kufika saa kumi na mbili kasorobo.

Saa hiyo ilifika bila ndege. Jua lilitua. Mtu wa mnara wa kuongozea ndege alifunga redio yake akaenda nyumbani, kwa kuwa hapakuwa na ruhusa ya kutua gizani. Amuri, mlinzi wa uwanja, alikuwa amekaa mlangoni pa stoo. Humo zilikuwamo taa za chemli kumi na mbili, zilizokuwa zikipangwa kandokando ya njia ya ndege siku za dharura. Adhana ya magharibi iliposikika alisimama.

"Mama Rachida, nifunge?"

"Funga, muzee. Haikuruka. Itakuja kesho."

Amuri alifunga, akaweka ufunguo mfukoni, akaenda msikitini.

Saa moja kasorobo ngurumo ilisikika kutoka magharibi. Mji mzima uliisikia, maana tangu vita hakuna aliyekuwa na masikio ya kupuuza ndege. Hospitalini Okito alitoka uani, akapiga makofi, akasema, "Njo hii! Ndiyo yenyewe! Imefika!" Uwanjani Rachida na wapagazi wawili walivunja kufuli ya stoo kwa jiwe. Walikuwa wamewasha chemli nne pale ndege ilipozunguka mara ya pili. Kisha sauti ikageuka kaskazini, kuelekea Kisangani ambako palikuwa na taa, ikapungua, ikaisha.

Ndege ilirudi Ijumaa saa tatu asubuhi ikiwa na kasha. Scholastique alikuwa amefariki alfajiri.

Saa nne Rachida alifungua daftari ili ajaze mstari. Rubani, mgeni asiyejua Kifaransa vizuri, alimpa karatasi yake. Ilionyesha kuruka Kinshasa saa tisa kasorobo. Rachida alihesabu mpaka saa moja kasorobo, akapata saa nne. Kwanza alifikiri ni upepo. Kisha akaona nafasi tupu baada ya tarakimu, mahali pa herufi, na akaelewa. Anasema hakupiga kelele. Alichukua kitambaa akafuta ubao.

Rubani naye alikuwa na ramani yake na saa yake, na alipaswa kujua jua la Kindu linatua lini. Rachida haikatai hoja hiyo. "Lakini muntu aliyeulizwa ni mimi," anasema.

Mkuu wa ofisi alimtaka aandike sababu ya ndege kutotua. Aliandika sentensi moja: Uwanja haukuwa na taa. Sentensi hiyo ni ya kweli. Ilisomwa na wakubwa, wakauliza taa ziko chini ya nani, wakajibiwa kwamba ziko chini ya Amuri. Wakauliza alikuwa wapi. Alikuwa akiswali. Ufunguo ulikuwa wapi? Mfukoni mwake. Kanuni ilisema ukae kwenye msumari ofisini. Wiki iliyofuata Amuri hakuwa na kazi tena. Mbele ya wakubwa hakusema kwamba karani alimwambia afunge. Aliulizwa habari za ufunguo tu, akajibu habari za ufunguo. Rachida alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwake.

Mjini alipewa jina, Amuri wa Ufunguo. Alikwenda kulima mpunga ng'ambo ya Lualaba, akawa anarudi Ijumaa kwa swala. Okito alikutana naye mara moja kivukoni, mbele ya watu waliobeba kuku na magunia. "Wewe ulikuwa unaomba Mungu akupe," alimwambia, "mimi ananinyang'anya." Tangu siku ile hakumwamkia.

Rachida aliendelea na kazi miaka kumi na minne, hadi kampuni ilipofungwa. Sasa ana chumba karibu na bandari, ambako hupanga safari za watu na mizigo: mtumbwi hadi wapi, treni siku gani, ndege saa ngapi. Simu za wateja wake zinajua kilomita kuliko uzi, lakini wao huja kwake kwa sababu yeye hafanyi kosa. Kila saa anayoandika ina herufi, na chini ya herufi mistari miwili. Mteja mmoja alimtania kwamba hata karatasi ya Kindu kwenda Kalima, njia ya pikipiki, ina M. "Na itakuwa nayo," alijibu, bila kucheka.

Mwezi wa Aprili mwaka huu, Jumatano asubuhi, Amuri aliingia chumbani humo. Ana miaka sabini na mitatu. Alivua viatu mlangoni ingawa sakafu ni ya udongo.

"Nilikuja unipigie hesabu ya njia, Mama Rachida."

"Ya wapi, muzee?"

"Makka. Watoto wameniandikisha. Nataka kujua nitakaa hewani saa ngapi. Haya magoti hayataki kushangazwa."

Alimpongeza, akamkalisha, akatandika ramani kubwa mezani. Goma haiwezekani, alimweleza. Uwanja umefungwa tangu vita virudi kule. Njia iliyobaki ni Kinshasa, kisha Adis Ababa, kisha Jidda. Aliandika: Kindu hadi Kinshasa, kilomita 1,170, muda wa saa moja na dakika arobaini na tano. Kinshasa hadi Adis Ababa, 2,990, muda wa saa nne. Adis Ababa hadi Jidda, 1,410, muda wa saa mbili. Jumla kilomita 5,570. Kisha akanyoosha uzi moja kwa moja kutoka Kindu hadi Jidda, akapima: 3,100.

Amuri aliinama juu ya ramani. "Ngoja. Makka iko huku juu, mashariki. Na hawa wananipeleka kwanza huku?"

"Magharibi, ndiyo."

"Kumbe haji anaanza kwa kuipa Kaaba mugongo!"

"Kilomita elfu moja na mia moja sabini za mugongo."

"Nitamwambia imamu ni Rachida Feruzi alinipotosha." Alicheka hadi akakohoa. Alipotulia, aliweka viganja juu ya magoti. "Sasa jambo la pili. Unajua desturi. Muntu haendi Hija na vitu vya watu moyoni. Nimezunguka nyumba thelathini na moja nikiomba radhi. Wamebaki watu wawili. Okito nitakwenda kwake Ijumaa, baada ya swala. Akinifukuza, anifukuze. Yule mama alikufa, ufunguo ukiwa mfukoni mwangu. Kila nikisujudu ninausikia pajani."

Rachida alikusanya uzi, na Amuri akaendelea.

"Na wa pili ni wewe. Ile siku nilikuletea aibu kazini. Wewe uliniambia nifunge stoo, hukuniambia niondoke na ufunguo. Uliharibu vidole kwa jiwe ukivunja kufuli, juu yangu. Niwie radhi, dada."

Kwa watu wao jibu la maneno hayo ni moja na hutolewa papo hapo. Kulichelewesha ni kumtukana anayesafiri. Rachida alisikia mdomo wake ukisema, "Nimekusamehe, muzee. Na Mungu akusamehe." Amuri alishukuru, akasema atapitia karatasi kesho, akainuka. Alivaa kiatu cha kulia, kisha cha kushoto. Alikuwa amefika penye muuza ndizi, upande wa pili wa njia, Rachida alipotoka mlangoni bila mtandio begani.

"Muzee Amuri! Rudi."

Alirudi taratibu, akidhani kasahau kitu.

Rachida hakuanza kwa kuomba radhi. Alianza kwa hesabu, kwa sababu ndiyo aliyojua kuisema bila kutetemeka. Alichukua karatasi safi, akaandika Kinshasa kushoto na Kindu kulia. Akaandika saa tisa kasorobo, K. Chini yake saa kumi kasorobo, M. Akaongeza tatu. Akaandika saa moja kasorobo, akaipigia mistari miwili.

"Hii njo ile ndege," alisema. "Ilikuwa tayari Kinshasa saa saba na nusu. Ingeruka ile dakika, ingetua hapa kabla ya jua kuzama. Mimi njo niliwaambia wangoje. Nilitaja saa, sikusema ni ya wapi. Ilichelewa kwa ajili yangu, muzee. Haikuwa ufunguo."

Amuri aliivuta karatasi karibu. "Sema tena," alisema. Rachida alirudia yote. Mara ya pili Amuri alifuata tarakimu kwa kidole.

"Ulijua lini?"

"Ijumaa yake. Saa nne ya asubuhi."

"Saa nne ya asubuhi." Alihesabu kwa sauti ya chini. "Miaka makumi mbili na mbili. Mama yangu alikufa akiwa ananiita Amuri wa Ufunguo. Kwa mapenzi, lakini aliniita."

"Najua. Nilikuwa mazishini."

"Ulileta muchele."

"Nilileta."

"Nikakushukuru." Alikunja karatasi ile mara mbili, kisha akaikunjua akaiweka mezani, kana kwamba haikuwa yake kuichukua. "Muda mufupi uliopita nilikuomba radhi, na wewe ukanipa. Ulinipaje, mama?"

Rachida alisema hajui. Alimwomba amsamehe yeye sasa.

"Hapana," Amuri alisema. Hakupaza sauti. "Leo hapana. Muntu anayekwenda Makka anapaswa kusamehe, najua, usinifundishe. Lakini huyu mwenye haki ya kwanza si mimi. Okito amenichukia bure, na chuki nayo ni kazi, inamuchosha muntu. Ukamwambie. Wewe, si mimi. Mimi Ijumaa siendi. Sina cha kumwomba."

"Nitakwenda."

"Na lile daftari liko?"

"Liko nyumbani."

"Chukua." Akavuta kiti, akakaa tena. "Sasa maliza karatasi yangu. Nikifika Kinshasa itakuwa saa ngapi?"

Rachida alishika kalamu. Alimwonyesha: atatoka Kindu saa nne asubuhi, M, atafika saa tano kasoro dakika kumi na tano, K, na hapo arudishe saa yake ya mkononi nyuma, maana wakati huo Kindu itakuwa saa sita kasorobo. Aliandika yote hadi Jidda. Amuri alimsomea kila mstari kwa sauti, akauliza herufi mbili zilizoandikwa vibaya, akangoja ziandikwe upya. Alipoondoka hakuaga kwa jina.

Okito anaishi bado Mikelenge, katika nyumba aliyoishi na Scholastique, pamoja na binti yake Nathalie. Reli ilimstaafisha, analima mihogo nyuma ya nyumba. Alhamisi Rachida alimpigia Nathalie simu, akasema yeye ni karani wa zamani wa uwanja wa ndege na ana neno kwa baba yake kuhusu mwaka 2003. Nathalie alimwuliza kama ni neno zuri. Rachida alisema ni neno la kweli, na kwamba si zuri. Kulikuwa na sauti za kuku, kisha Nathalie akasema baba yuko nyumbani siku zote.

Ijumaa saa nne asubuhi Rachida Feruzi atakwenda Mikelenge kwa pikipiki, na daftari la safari la mwaka 2003 ndani ya mfuko. Ataingia peke yake. Amuri anaruka Jumanne.